Matrekta Makuukuu ya Kongwa

Chama kimoja cha wakulima, majirani zetu, kilituletea daftari lake tulitazame, maana mwalimu huhesabiwa kuwa mtu wa hesabu hata kama kazi yake ni kufundisha nyimbo. Watu wa chama hicho walikuwa wamechanga fedha kwa misimu mitatu ya mavuno, nao walikusudia kununua trekta la zamani lililoletwa kutoka Ulaya, ambalo lilikuwa limesimama katika ua wa mfanyabiashara mmoja mjini. Jipya hawakuliweza. Katika daftari tuliona bei ya trekta, bei ya plau, nauli ya kulileta kijijini, mafuta ya msimu wa kwanza, na hata mbuzi wawili wa karamu siku ya kulipokea. Hatukuona senti moja iliyowekwa kwa ajili ya kulifungua na kulitengeneza. Tulipowauliza sababu, mzee mmoja akatujibu kwa upole, "Walimu wetu, tutalitengenezaje nalo halijaharibika?"

Neno la mzee huyu si la kuchekwa. Watu wenye elimu kubwa na fedha nyingi walipata kufanya hesabu iliyo jamaa ya ile, wakapunjika mahali pale pale. Tena hawakupunjika katika nchi ya mbali, bali huko Kongwa, katika Ugogo, mwaka 1947. Vijana wengi hulisikia jina la mpango wa karanga bila kujua mambo yake, na wanaoyajua huyasimulia kwa kicheko. Basi tumeona yafaa tuyaandike, hasa kwa upande wa matrekta na mafundi wake.

Vita Kuu ya pili ilipokwisha mwaka 1945, watu wa Uingereza walikuwa na njaa ya mafuta. Hatusemi mafuta ya taa, bali mafuta ya kula na ya kufanyia sabuni. Siagi na majarini zilitolewa kwa kadi na kwa kipimo, na mambo ya kadi hayakwisha kabisa mpaka mwaka 1954. Mwaka 1946 Bwana Frank Samuel, mkuu wa United Africa Company, aliipelekea serikali yake shauri la kulima karanga kwa mashini katika Afrika Mashariki. Serikali ikamtuma John Wakefield, aliyepata kuwa mkuu wa idara ya kilimo ya Tanganyika, pamoja na wenzake wawili, wapite wakaitazame nchi. Walirudi na mpango mkubwa ajabu: eka 3,210,000 zifyekwe katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, nazo zigawanywe kuwa mashamba 107, kila moja eka 30,000. Gharama walikadiria kuwa pauni 24,000,000 hivi. Waziri wa Chakula, John Strachey, aliukubali mpango huo, na mapema mwaka 1947 watu wa kwanza wakapiga hema Kongwa. Kwa mwaka ule wa kwanza zilitakiwa eka 150,000.

Sasa, kung'oa pori la eka 150,000 si kazi ya majembe wala ya trekta dogo la kulimia. Yatakiwa matingatinga, yaani matrekta mazito yaendayo kwa minyororo badala ya magurudumu, tena yatakiwa mengi. Yangetoka wapi? Viwanda vya Uingereza wakati wa vita vilikuwa vikifanya vifaru na mizinga, na vya Marekani vilikuwa na maagizo ya nchi zote. Tena Wamarekani walitaka dola, na Uingereza ilikuwa maskini wa dola. Tarehe 15 Julai mwaka ule ule wa 1947 serikali ya Uingereza iliruhusu pauni kubadilishwa kuwa dola bila kizuizi. Dola zikatoka kama maji katika mtungi uliopasuka, hata tarehe 20 Agosti ruhusa ikaondolewa. Katika hali kama hiyo mnunuzi hachagui.

Basi wakaenda penye masalio ya vita. Huko Filipino jeshi la Marekani lilikuwa limekusanya mashini nyingi kwa ajili ya vita juu ya Japani. Vita ilipokoma Agosti 1945, mashini hizo zikabaki, nazo zikauzwa. Nyingi za zile zilizokuja Kongwa zilitoka huko: matrekta makubwa, yenye jina la sifa, yaliyokwisha kufanya kazi ya jeshi ya kuchonga barabara na viwanja vya ndege, kisha yakakaa katika joto na mvua za visiwani yakingoja mtu wa kuyataka.

Hapa tunaomba msomaji atuvumilie kidogo, kwa kuwa hatuwezi kuieleza hasara bila kueleza kinachochakaa. Aliye na baiskeli atatuelewa upesi. Mnyororo wa baiskeli ukitumika miaka mingi hurefuka. Si kwamba chuma kimevutika, bali kila pini hulika kidogo ndani ya tundu lake, na vidogo hivyo vikijumlishwa mnyororo mzima hulegea. Mnyororo uliolegea huyala meno ya gurudumu lake. Ukinunua mnyororo mpya ukauweka juu ya meno makuukuu, huruka, na baada ya muda mfupi nao umeharibika. Minyororo ya tingatinga ni vivyo hivyo. Ina pini na bushi, ina gurudumu la meno la kuuvuta, ina rola za kubeba uzito wote wa mashini, na kila kimoja kikilika hukila mwenzake. Mafundi wa mashini hizi husema kwamba karibu nusu ya gharama zote za kulitunza tingatinga huishia miguuni. Fundi mwangalifu akiona bushi zimelika upande mmoja huzigeuza kabla hazijapita kipimo, ili upande mzima ufanye kazi, na kwa njia hiyo hupata saa nyingi za kazi kwa gharama ndogo. Akichelewa, kugeuza hakufai tena, hununua vyote.

Injini nayo ina desturi yake. Ndani ya injini ya dizeli pistoni huishindilia hewa mpaka iwe moto wa kutosha kuwasha mafuta bila cheche. Ringi na silinda zikilika, hewa hupenya pembeni, haishindiliki tena sawasawa. Injini hukataa kuwaka asubuhi, hukosa nguvu mlimani, hutoa moshi wa buluu na kuinywa oili. Tena, huponi kwa kubadili kitu kimoja. Fundi huishusha injini, huifumua yote, hupima silinda kwa kipimo cha sehemu ya elfu ya inchi, kisha huweka silinda mpya, pistoni mpya, ringi na beringi. Krenki, kama imelika, huchongwa upya kwa mashini, kwani beringi mpya haikai juu ya krenki mbovu. Pampu ya dizeli na nozeli huenda kwa fundi mwingine mwenye chombo cha kuzipimia. Mpira wa kuzuia oili isivuje, hata kama haukutumika siku moja, ukikaa miaka katika joto hukauka na kupasuka. Na maji yaliyoingia ndani ya injini iliyosimama hufanya kutu pale pale panapotakiwa kuwa laini kama kioo. Kwa nje hutaona neno. Rangi ni rangi.

Kwa hiyo mtu anunuapo mashini kuukuu hununua vitu viwili: chuma anachokiona, na kazi ya kukifumua asiyoiona. Akikifumua kabla ya kukitia shambani, hulipa mara moja. Akikitia kwanza shambani ili kione kitafika wapi, hulipa mara nyingi, kwa sababu chuma kilichokatika huvunja vingine vilivyo karibu nacho.

Huko Kongwa saa ya kufumua haikupatikana. Mwaka ulikuwa umekwisha kuandikwa kwenye karatasi: eka 150,000. Matrekta yaliposhuka yalitakiwa shambani mara moja, tena shamba lenyewe halikuwa rafiki wa chuma. Pori la Kongwa lina mizizi iliyofumana chini, na mibuyu ambayo tingatinga huisukuma bila kuitikisa, na nyuki wakaao ndani ya mibuyu hiyo waliwapeleka wafanya kazi kadhaa hospitali. Lakini adui mkubwa kuliko nyuki ni udongo. Wakati wa kiangazi hukauka ukawa kama tofali, nao umechanganyika na mchanga mkali kama kioo kilichosagwa. Mchanga huo ulizila sahani za plau na meno ya majembe ya mashini, na vumbi lake likiingia katika injini ambayo chujio lake la hewa halikusafishwa kila siku, hufanya kazi ya msasa. Mashini mpya ingechoka. Sembuse ile iliyokuja imechoka.

Likiharibika trekta moja, twaweza kuhesabu safari ya kipuri chake. Mashini za Marekani zilitaka vipuri vya Marekani, na vipuri vya Marekani vilitaka dola, ambazo tumekwisha kuona hali yake. Kikipatikana kipuri, husafiri baharini hata Dar es Salaam. Bandari hiyo siku zile haikuwa na gati la meli kubwa. Mizigo ilishushwa katika matishari, nayo ikajaa kuliko ilivyoweza kuchukua, na Septemba 1947 makuli wakagoma. Kutoka hapo ni gari la moshi la Reli ya Kati, ambayo mvua zikiwa nyingi hukatwa na mafuriko ya Kinyasungwe, kisha njia ya vumbi mpaka kambini. Siku zote hizo trekta limesimama, dereva wake amesimama, na mshahara wao hausimami. Likaja jambo la kusikitisha zaidi, ambalo kila mwenye mashini mbili mbovu hulijua: fundi aliyekosa kipuri hukitoa katika mashini nyingine iliyolala, ili walau moja itembee. Jambo hilo huonekana kuwa busara siku ya leo. Baada ya miezi michache una trekta moja litembealo kwa kuchechemea, na mengine matatu yaliyobaki mifupa ambayo hapana awezaye kusema yanadai nini ili yafufuke.

Waandishi wengi wa Kiingereza wa siku zile waliwalaumu madereva Waafrika kwamba waliyavunja matrekta kwa ujinga. Sisi twaona lawama hiyo yafaa ipimwe upya. Ni kweli kwamba vijana wengi waliochukuliwa hawakupata kushika usukani, wakafundishwa upesi upesi na kupewa mashini nzito kuliko nyumba. Lakini ni nani aliyefupisha mafundisho yao? Na dereva hodari afanyeje juu ya mashini ambayo haina kitabu cha kuonyesha imekwisha kufanya kazi saa ngapi, wala ilimwagwa oili lini? Kijana aliyepewa ng'ombe mgonjwa akaambiwa alime hata jioni hawezi kuitwa mwuaji wa ng'ombe. Tena miongoni mwa vijana hao walitoka mafundi ambao baadaye walizitengeneza mashini za nchi nzima, na jambo hilo halikuandikwa sana katika vitabu vya lawama.

Mwisho wa kiangazi cha mwaka 1947 theluthi mbili za matrekta yaliyoletwa zilikuwa hazifanyi kazi. Huo ndio wakati ambapo yalitakiwa kuliko wakati wote, kwa kuwa mvua za Ugogo huanza mwezi wa Desemba, na karanga isiyopandwa mapema haikomai. Eka zilizopandwa msimu ule zilikuwa 7,500 hivi, yaani sehemu moja katika ishirini ya zile 150,000. Toa moja katika nyingine, zabaki eka 142,500 ambazo hazikupata mbegu. Hatusemi kwamba zote ziliangushwa na matrekta makuukuu; ukubwa wa pori, mibuyu, bandari na haraka ya wakubwa vyote vina fungu lake. Lakini mtu akiuliza gharama ya kutengeneza trekta ni kiasi gani, akatazama tu karatasi ya bei ya vipuri, ameiacha nje sehemu iliyo kubwa kuliko zote. Mvua haimngoji fundi.

Wakubwa wa mpango walitafuta dawa, nao wakaipata katika kuukuu kingine. Kiwanda cha Vickers-Armstrongs kilichukua vifaru vya vita vya Sherman, kikaondoa mzinga na kichwa cha chuma, kikajenga juu yake trekta, likaitwa Shervick, jina lililofumwa kutoka majina yale mawili. Wazo lake halikosi uzuri, nasi tungependa kulisifu kama lingefaulu: kuufanya upanga uwe jembe. Walakini kifaru kiliumbwa kukimbia na kupiga, bali tingatinga laumbwa kuvuta na kusukuma polepole kutwa nzima. Shervick halikuwa jibu lililotafutwa. Jambo lililofaa zaidi lilikuwa rahisi mno: mnyororo mnene wa nanga ya meli uliofungwa kati ya matingatinga mawili, yakaenda sambamba na kuilaza miti yote iliyokuwa katikati. Husimuliwa kwamba agizo la minyororo hiyo lilipofika London watu walidhani ni mzaha, kwa kuwa Kongwa haina bahari.

Mwaka 1948 kazi ilitoka mikononi mwa kampuni ikapewa shirika la serikali, Overseas Food Corporation. Shirika lilijenga, likapunguza hesabu ya eka, likapanda alizeti pamoja na karanga, likafungua mashamba mengine huko Urambo na Nachingwea. Ukame ukaja juu ya hayo. Wakaguzi wa hesabu waliovitazama vitabu mwaka 1949 hawakukubali kuthibitisha kwamba hesabu zote zilitunzwa ipasavyo; na kwetu sisi hilo lasema mengi. Palipo na mashini zilizonyang'anyana vipuri usiku na mchana, ni vigumu mtu kuandika trekta gani limekula nini. Januari 1951 serikali ya Uingereza iliufuta mpango. Fedha zilizopotea zilizidi pauni 36,000,000, ambazo ni nyingi kuliko gharama ya mpango wote ilivyokadiriwa mwanzo. Baadaye Shirika la Kilimo la Tanganyika lilirithi yaliyobaki. Nchi ya Kongwa ikarudi kwa ng'ombe, kama Wagogo walivyoitumia tangu zamani, na ranchi ingaliko mpaka leo.

Je, tuseme basi kwamba trekta kuukuu halinunuliwi? Hatusemi hivyo, wala wakulima wa Kongwa ya leo hawangetusikiliza. Katika wilaya ile ile limo soko la Kibaigwa, ambalo mahindi yake hujulikana nchi nzima, na mengi ya mashamba yetu ya bara hulimwa na matrekta ambayo wenye kuyaendesha wamezaliwa baada yake. Chukua lile liitwalo Massey Ferguson 135, lililotengenezwa Coventry tangu mwaka 1964 hata 1975. Wengi wanaliona barabarani na kulidharau kwa udogo wake. Injini yake ya dizeli ya Perkins ina silinda tatu tu. Fundi wa kijijini aweza kuishusha chini ya mwembe akiwa na winchi, spana na turubai safi. Pistoni, ringi na silinda zake zingali zikitengenezwa na viwanda vya nchi nyingi, hata duka la mji mdogo huziweka. Umri wake ni mkubwa kuliko ule wa matrekta ya Kongwa siku yalipofika; yale yalikuwa na miaka michache tu. Tofauti haimo katika miaka. Imo katika mambo matatu: kipuri kiko umbali gani, fundi anaijua mashini au haijui, na mwenye mali ameweka fedha za kuifumua au amezila zote siku ya kununua.

Tuliwaeleza majirani zetu haya kwa jioni mbili, na jioni ya pili tukachora safu nne katika daftari lao. Ya kwanza ni bei. Ya pili ni kufumua na kuunda upya kabla ya kazi, si baada yake. Ya tatu ni vipuri vya kukaa ndani ya sanduku, yaani machujio, mikanda, mipira ya kuzuia oili na nozeli za akiba. Ya nne ndiyo iliyoleta mabishano. Tulisema: tuseme trekta limelala siku kumi katika mvua za kwanza, na kwa siku lingelima eka sita, eka sitini hizo ni za nani, na zingetoa magunia mangapi? Kijana mmoja akafanya hesabu kwa kidole juu ya vumbi, kisha akanyamaza. Mama mmoja mwenye kutunza fedha za chama akasema kwamba kwa hesabu hiyo safu ya pili ni rahisi, tena akataka mbuzi wa karamu wafutwe. Wakafutwa, ingawa wanaume wawili hawakupendezwa.

Juma lililofuata walimchukua fundi mmoja, mtu mzima aliyejifunza kazi katika karakana ya shamba la mkonge, wakaenda naye mjini. Trekta lilikuwa limepakwa rangi nyekundu mpya hata kwenye mabomba. Mwenye mali akaliwasha, likanguruma vizuri, watu wakafurahi. Fundi akaomba lizimwe na lipoe. Kisha akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakipangusa, akakichovya tena na kukiinua juani. Oili ilikuwa nyeupe kama chai ya maziwa, dalili kwamba maji yanaingia ndani ya injini. Akaufungua mfuniko wa rejeta, akaona matone ya oili yakielea juu ya maji. Hakumwambia neno mwenye mali. Alimpa yule mama kijiti akishike mwenyewe, naye akakitazama, akakinusa, akakirudisha mahali pake. Walirudi kwa basi la saa tisa na fedha zao zote, isipokuwa nauli na ujira wa fundi, ambao sasa umeandikwa katika safu ya pili.